Mama Uzi Auliza Maana

Ukitaka kumkasirisha Mama Uzi, mpelekee shuka la mtoto lenye jina lililoandikwa kwa chaki pembeni, kisha umwambie, "Darizi tu, mama, maana yake haituhusu." Atakutazama juu ya miwani mpaka ujihisi umevaa shati nje ndani. Halafu atalikunja shuka lako polepole, atalisogeza mwisho wa meza, na kesho yake utalikuta palepale. Si jeuri hiyo. Au tuseme ni jeuri kidogo, maana namjua, lakini ilikuwa na sababu, na sababu yenyewe aliificha vizuri hata waliomzunguka wakadhani ni madaha ya fundi aliyezoea kusifiwa.

Kazi yake ilikuwa kudarizi majina ya watoto wachanga. Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa na dirisha pana la kutazama barabarani, chini ya dirisha meza ndefu iliyopauka kwa jua, na juu ya meza kasha la nyuzi zilizopangwa toka nyeupe ya maziwa hadi nyeusi ya makaa. Humo ndimo alimoshinda, kitambaa kimebanwa kwenye kiduara cha mbao, miwani imeshuka puani, kandambili zimesahauliwa mlangoni. Mashuka yaliletwa na mwenye duka, mwanamke wa sauti nene na subira nyembamba, ambaye aliyatuma Italia kwa watu waliotaka mtoto wao alalie jina lake. Majina yalifika kwa simu, mwenye duka akayaandika kwa chaki kwenye pembe za mashuka, yakatua mbele ya Mama Uzi. Yeye Italia hakuwahi kufika, na kwenye ramani angehitaji kuonyeshwa kwa kidole. Lakini kuna watoto kule waliolaza shavu juu ya kazi ya mkono wake, na wazo hilo lilimfanya atabasamu peke yake saa nyingine, sindano imesimama hewani.

Sharti lake lilikuwa moja tu. Hashiki uzi mpaka aambiwe jina linasema nini.

"Mteja kataka jina," mwenye duka alikuwa akilalamika. "Hiyo maana kaagiza nani?"

"Na rangi nitaitoa wapi? Unataka nimpe mtoto wa watu rangi ya kubahatisha?"

Mwenye duka alipandisha mabega akaenda zake. Alikuwa keshagundua kwamba mashuka ya Mama Uzi hayarudishwi, na mtu wa biashara hapigani na jambo kama hilo.

Wa kuulizwa alikuwa hapo jirani, ukuta kwa ukuta. Alikuwa fundi viatu, mzee mkavu mwenye vidole vyeusi kwa gundi, na mtaa mzima ulimwita Sinyori. Ujanani alifanya kazi kwenye kiwanda cha viatu ambacho mafundi wake wakuu walikuwa Waitaliano, na lugha yao aliiokota sakafuni pamoja na vipande vya ngozi. Kiitaliano chake, kwa maneno yake mwenyewe, nusu kilikuwa matusi, robo aina za soli, na robo iliyobaki majina ya watu. Mashine zilikuwa na kelele, kwa hiyo mafundi walishinda wakiitana kwa sauti toka pembe hadi pembe, naye alikuwa kijana mdaku. Wakati wa mapumziko alimfuata kila mmoja na kumuuliza jina lake lina maana gani. Wengine walimjibu, wengine walimfukuza, na wengine walienda kuwauliza mama zao wakamletea jibu Jumatatu.

Basi asubuhi Mama Uzi alikuwa akitoka na shuka mkononi, anakwenda kuketi kwenye benchi la wateja wa Sinyori, katikati ya viatu visivyo na wenza.

"Leo nina huyu," alisema siku moja, akamwonyesha chaki. "Chiara."

"Kiara, sinyora. Hiyo ch wanaitamka k."

"Ndiyo nini?"

Sinyori akaweka msharasi wake chini. Swali la jina hakulijibu huku anatoboa ngozi. "Ni kitu angavu. Maji ambayo ukiyatazama unaona mpaka mchanga wa chini."

"Basi nyeupe."

"Nyeupe ni ya hospitali. Wewe umewahi kuona maji meupe?"

Mama Uzi akarudi kwake akafungua kasha, akatafuta kati ya nyeupe na buluu mpaka akapata uzi ambao ukiulaza kwenye kitambaa unaonekana na hauonekani. Ndivyo alivyokuwa akifanya kazi. Serena, mtulivu kama anga baada ya mvua, alimpa buluu iliyofifia. Alba, alfajiri, alimwanzia kwa kijivu akammalizia kwa waridi. Bruno hakumsumbua, kwa kuwa maana yake ni kahawia, akashukuru kwamba kuna wazazi wanaorahisisha mambo. Kuna siku alikuja Settimio, na Sinyori akamweleza kwamba huyo ni wa saba.

"Wa saba nini?"

"Mtoto wa saba. Wengine kule walikuwa wanawahesabu tu."

"Basi mama yake kachoka," alisema Mama Uzi, akamdarizia kwa kijani ya kupumzisha macho.

Mazungumzo yao yalikuwa hivyo, mepesi, ya watu wawili wenye kazi za mikono na midomo isiyo na kazi. Lakini siku moja alimuuliza jambo ambalo hakuwahi kuliuliza. Alitaka kujua Waitaliano wakikutana na mtu mgeni wanamuulizaje jina lake.

"Come ti chiami," alisema Sinyori. "Ndiyo kusema, unajiitaje."

"Hawasemi jina lako nani?"

"Jina hawaligusi. Wanakuuliza wewe mwenyewe unajiitaje. Ukitaka kudanganya, shauri yako."

Mama Uzi akawa anakunja pembe ya shuka na kuikunjua. "Na mtoto mchanga? Yeye anajiitaje?"

"Mtoto mchanga anaitwa na watu, sinyora. Yeye la kusema hana."

Aliondoka kwenye lile benchi bila kuaga, jambo ambalo si kawaida yake, na siku hiyo hakudarizi hata herufi moja.

Sasa niiseme ile sababu, maana haina faida kuizungusha. Mama Uzi alikuwa na binti ambaye hakuwahi kuitwa.

Ilikuwa zamani, kabla ya wanawe wawili wa kiume waliokwisha kukua na kwenda kutafuta maisha. Alikuwa mke mgeni bado, anaona haya kucheka kwa sauti mbele ya mumewe. Siku ya kujifungua homa ilimpanda mpaka akawa haoni wala hasikii, na homa hiyo ilipomwachia, alichokiona kwanza ni dari ya wodi yenye doa la unyevu, na alichokiona pili ni mumewe ameketi kando ya kitanda, mikono katikati ya magoti. Akamuuliza, "Mtoto?" Mumewe akamjibu, "Amekwenda, mama. Alikuwa msichana." Alikuwa keshamzika. Hakuna aliyeweza kungoja mpaka homa iishe.

Walirudi nyumbani na lile jambo, wakalikuta halina pa kuwekwa. Mumewe alikuwa fundi mizani. Alizunguka madukani na sokoni akizirekebisha mizani zilizoanza kusema uongo, na maneno yake nayo aliyapima vivyo hivyo, hayazidi hata punje. Ukimuuliza habari za mchana alikupa za mchana tu, za asubuhi hukuomba. Yeye hakusema, mkewe hakusema. Watoto wa kiume walipozaliwa, majina yao yaligombewa na wajomba na mashangazi kwa makelele ya siku nzima, na Mama Uzi aliketi katikati ya makelele hayo akimfikiria yule ambaye hakugombewa na mtu. Hivyo ndivyo alivyokuwa akimwita moyoni. Yule.

Mashuka ya Italia yalipoanza kuja, ikawa kila jina linalopita mikononi mwake anamjaribishia yule kwanza, kama mtu anayemshikia mtoto gauni kifuani dukani aone kama litamfaa. Ndiyo maana aliuliza maana. Hakutaka kumvika binti yake kitu asichokijua.

Mara nyingi ilikuwa mchana, jua likishaingia dirishani na kujilaza juu ya meza, barabara ikapunguza kelele, mkono ukawa unakwenda wenyewe. Hapo yule alikuja. Hakubisha hodi, na kwa nini abishe, ni kwao. Akiwa Serena aliketi kwenye ncha ya mkeka, akakusanya vipande vya uzi vilivyoanguka, akavipanga kwa urefu. Akiwa Gioia, ambayo ni furaha, aliingia mbio akapindua kasha, na Mama Uzi akajikuta anasema "taratibu" kwa sauti, peke yake chumbani. Kwa Stella, ambayo ni nyota, alikuwa msichana mkubwa mwenye kusuka nywele za wenzake. Kwa Vittoria alikuja na goti lililochubuka na kidevu juu, lakini jina hilo lilimpwaya, lilikuwa la watu wa kushinda, naye alikuwa hajashinda chochote. Umri wake ulipanda na kushuka kama apendavyo. Leo anatambaa, kesho ana mkoba wa shule, kesho kutwa yeye ndiye anayemtilia mama yake uzi kwenye tundu la sindano. Mama Uzi alimtazama kwa pembeni, maana akimgeukia mzima mzima alikuwa anaondoka. Na uso wake hakuwahi kuuona. Daima kulikuwa na mwanga nyuma yake, au nywele, au ameinamia kitu. Utauota vipi uso ambao hujapata kuuona hata mara moja?

Jina likimalizika, shuka likakunjwa, yule naye alikwenda nalo. Ilimuuma kidogo kila mara, kumvua mtoto jina na kumpelekea mwingine. Lakini alijiambia kwamba halijapatikana bado, na kwamba majina ni mengi, na kwamba hana haraka.

Haraka ililetwa na tabibu wa macho. Alimwangaza kwa kitochi kidogo, jicho hili, jicho lile, akavuta kiti akaketi, na daktari akivuta kiti ujue hana habari njema.

"Macho haya yamefanya kazi ya watu wanne," alisema. "Weka sindano chini, mama. Ukiendelea, utakuja kuwa unapapasa ukuta."

"Nimalizie kazi iliyopo mezani?"

"Iliyopo mezani tu."

Alitembea kutoka kule mpaka nyumbani bila kuona njia, na si kwa sababu ya macho. Sindano ikiwekwa chini, mwenye duka hatakuja tena. Mwenye duka asipokuja, majina hayatakuja. Na majina yasipokuja, yule atabaki kuwa yule mpaka mwisho, na siku mama yake atakapofumba macho hakutakuwa na mtu duniani wa kujua kwamba aliwahi kuwapo. Aliogopa. Sikuwahi kumwona mwanamke huyu akiogopa kitu, hata mbwa wa jirani, lakini siku ile alimimina chai mpaka ikamwagika mezani.

Furushi la mwisho lililetwa na mwenye duka mwenyewe, naye kwa mara ya kwanza alikaa, akanywa maji. Alipoondoka, Mama Uzi aliyachambua mashuka kama mtu anayetafuta jiwe kwenye mchele. Kulikuwa na Perla, lulu, zuri lakini baridi. Kulikuwa na Fiorella, kijiua kidogo, akatikisa kichwa, maua yanachumwa. Kisha akafika kwenye jina refu lililojaza pembe nzima ya shuka, akalichukua akatoka nalo.

"Addolorata," alisoma Sinyori, akakuna sikio kwa mpini wa nyundo. "Huyu ni mwenye huzuni. Aliyejaa majonzi."

"Mtoto mchanga?"

"Ni mambo ya kanisani, sinyora. Ni Maria, mama aliyemlilia mwanawe. Wala nyumbani hawamwiti lote hilo. Wanamkata, anakuwa Dora, anacheza na wenzake kama kawaida."

Mama Uzi aliliangalia lile jina kwa muda. Lilimfaa mtu mmoja tu katika chumba kile na mtu huyo hakuwa mtoto. Huzuni ilikuwa yake yeye. Kwa nini ambebeshe binti, ambaye hata kulia kwenyewe huenda hakupata nafasi? Akamdarizia Dora wa watu kwa zambarau nzito, herufi ya mwisho akaiacha ichomoze kwenye dhahabu kidogo, ili mtoto akikua awe na mlango wa kutokea.

Shuka la chini kabisa alilifikia siku chache baadaye. Alikuwa ameliona tangu mwanzo lakini akaliacha, kwa woga tu, maana likishakwisha hilo hakuna jingine. Chaki ilikuwa imefutika nusu. Akaenda nalo jirani.

Sinyori alilisogeza kwenye mwanga, kisha akacheka. "Benvenuta. Mimi nilifanya kazi na mwanamume wa jina hili, Benvenuto. Kila siku alichelewa. Foromeni alikuwa anasimama mlangoni na saa mkononi anamwita kwa jina lake, kiwanda kizima kinaangua kicheko."

"Linasema nini?"

"Aliyekuja vizuri. Unamfungulia mtu mlango, unamwambia karibu, na hiyo karibu inatoka moyoni, si ya mdomoni. Huyo ndiye Benvenuta. Wanampa mtoto aliyengojwa sana."

Mama Uzi alikuwa amesimama. Akaketi kwenye benchi, juu ya kiatu cha mteja, wala hakukisikia.

"Na kama hakukaa?"

"Nani?"

"Huyo aliyekaribishwa. Tuseme alikuja, akaondoka. Bado ataitwa hivyo?"

Sinyori alimtazama. Sijui alielewa kiasi gani. Alikuwa mtu wa mzaha, lakini mzaha wake ulikuwa na adabu, na safari hii aliuweka pembeni. "Kuja alikuja, sinyora," alisema. "Hilo nani atalifuta?"

Mchana ule jua liliingia dirishani kama kawaida yake, na yule akaja. Hakuwa mkubwa wala mdogo. Alisimama kizingitini, mguu mmoja ndani, mmoja nje, akisubiri aambiwe. Mama Uzi aliweka sindano chini, akasema, "Karibu," kwa sauti ya kawaida kabisa, na yule akaingia akapita nyuma ya kiti chake, akakaa kule nyuma, na kwa mara ya kwanza chumba kilikuwa na joto la watu wawili. Alilia, lakini kilio cha raha. Amepata. Aliirudia ile Benvenuta kwa pumzi, mara kwa mara, mpaka ulimi ukaizoea.

Likabaki jambo moja. Jina la mtoto si la kutolewa na mzazi mmoja huku mwingine yupo. Alikuwa hajawahi kulitaja jambo hili kwa mumewe tangu ile siku ya dari na doa la unyevu, na sasa ilibidi alitaje. Alipiga moyo konde.

Mumewe alirudi jioni, akaliweka begi la mawe ya kupimia mahali pake, akanawa, akaketi. Mama Uzi alimmiminia chai. Jua lilikuwa bado linaonekana juu ya paa la nyumba ya pili.

"Baba," alisema, "nimempatia mtoto jina."

"Mtoto yupi?"

"Yule."

Hakuuliza tena yupi. Aliweka kikombe chini bila kukinywa, na Mama Uzi, akiogopa kwamba akisita hataweza kuendelea, akamweleza yote kwa mkupuo. Mashuka, maana, majina aliyomjaribishia mwaka hadi mwaka, tabibu wa macho, na hili la mwisho, Benvenuta, aliyekaribishwa, na kwamba angependa kulidarizi kwenye kitambaa kimoja kabla hajaweka sindano chini, kama yeye baba yake ataridhia.

Mumewe alisikiliza mpaka mwisho. "Ni jina zuri," alisema. Akapangusa magoti yake kwa viganja, mara moja, mara ya pili. "Lakini ana jina."

"Nani ana jina?"

"Binti yetu. Nilimpa mimi. Nilipomfikisha kule, mchimba kaburi aliniuliza huyu anaitwa nani. Nikashindwa kusema hana. Niliona haya, mama. Nimlaze mtu mle kama mzigo usio na mwenyewe? Nikamwita kwa jina la mkunga wa pale hospitali. Ndiye aliyempakata usiku kucha wewe ukiwa hujijui, na alikuwa anamwimbia. Mwingine aliyemtendea wema sikumjua."

Akalitaja. Mimi sitalitaja hapa, maana halikuwa la kwangu. Niseme tu kwamba lilikuwa jina fupi, la kila siku, ukiliita sokoni wanageuka wanawake watatu.

Mama Uzi alisimama. Alikwenda dirishani, akarudi, akaenda tena. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakamwaka moto. Miaka yote ile amekuwa akiombaomba majina ya watoto wa watu, anamvisha na kumvua, na huyu hapa, mtu anayelala naye kitanda kimoja, alikuwa nalo mfukoni.

"Umekaa nalo," alisema. "Unaniona nahangaika, umekaa nalo kimya. Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Hakusema kwa lawama. Alisema kama anavyomsomea muuza duka uzito. Kisha akaendelea, na hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuyasema kwa mfululizo ndani ya nyumba ile.

"Ulipotoka hospitali nikadhani hutaki kusikia. Nikasema akiuliza nitamwambia yote, asipouliza nisimtoneshe. Ukawa huulizi. Halafu ukaanza kuuliza majina. Unamuuliza fundi viatu, unamuuliza mwenye duka, unauliza mpaka wapita njia, hili lina maana gani, lile lina maana gani. Mimi kila jioni narudi nakaa hapa, nasema labda leo ni zamu yangu. Ukinimiminia chai nasema sasa ataniuliza. Huniulizi."

Mama Uzi aliona kwamba ni kweli. Na alijua kwa nini. Alikuwa akimwogopa mtoto wa kweli. Yule wa mchana alimmudu, alikuja na jua na kuondoka nalo, na asubuhi alikuwa hajafa. Lakini huyu wa mumewe alikuwa na siku moja, na kaburi, na mchimba kaburi mwenye maswali. Angemuuliza, angempata, na angempoteza papo hapo. Kwa hiyo aliwauliza watu wote wa mtaa, akamruka mmoja.

Aliketi, si kwenye kiti chake, bali kwenye mkeka karibu na miguu ya mumewe. Hasira ilikuwa bado ipo lakini haikuwa na mtu wa kuishukia. Akalitamka lile jina kwa sauti ndogo, kulijaribu. Halikuleta rangi yoyote. Hakumwona mtu kizingitini. Lilikuwa jina tu la mtu, kama lako na langu.

"Lina maana gani?" aliuliza, kwa mazoea.

"Sijui. Sikumuuliza mkunga."

Akatikisa kichwa, akaliacha swali hilo lipite. Nje mtu alikuwa anafunga duka, bati likalia. Alikuwa na swali jingine, ambalo ndilo alilokuwa akiliuliza siku zote kwenye benchi la Sinyori bila yeye mwenyewe kulijua.

"Alikuwaje?"

Mumewe alinyanyua mikono yake miwili toka magotini, akaisogeza mbele, akaikunja kidogo, na mikono ikashuka sentimita chache na kusimama, kama inavyoshuka ukiwekewa kitu. Ilikuwa mikono ya mtu wa mizani, na haikuwa na haja ya kubahatisha.

"Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani," alisema. "Wote tulidhani atakuwa mwepesi. Alikuwa na nywele nyingi, zimelala mpaka kwenye sikio. Kidevu chako. Vidole virefu, hivi. Alikuwa amekunja uso kidogo, kama mtu aliyekatizwa usingizi."

Mama Uzi aliitazama ile mikono. Hakutazama kwa pembeni. Alivuta magoti akasogea mpaka akawa mbele yake kabisa, akainyoosha mikono yake mwenyewe, vidole vimejaa alama za sindano, akaiweka chini ya ile ya mumewe.

Mumewe akainama. Akafanya taratibu sana, kwanza mkono wa huku, halafu wa kule, mpaka uzito wote ukahama.

"Shika kichwa," alimwambia.

Mama Uzi akashika kichwa.